Vyoo Vinane vya Diwani

Diwani Kinyogoli aliutamani uwanja wa shule ya msingi ajenge hoteli. Akaja na sheria ya elimu ya mkoa mkononi: shule yenye choo kimoja ifungwe.

"Naifunga leo leo," alisema.

Bi Siwatu, mpishi wa uji wa shule, akampa kalamu. "Haki yako, mheshimiwa. Ila watu wana maneno. Wanasema hata kwako, hapo ng'ambo ya barabara, choo ni kimoja."

"Nani huyo? Vipo vinane, vya kukalia!"

"Basi waandikie, wakome."

Chini ya amri ya kuifunga shule, diwani akaandika, "Kwangu vipo vinane," akagonga muhuri.

Asubuhi aliamshwa na kelele za watoto mia tatu. Foleni ya choo ilikuwa imefika kitandani kwake. Uani, Bi Siwatu alikuwa anakoroga uji kando ya maua.

"Wendawazimu gani huu!"

"Sheria yako ile ile, mheshimiwa, ukurasa wa pili. Shule ikifungwa, watoto wasomee jengo la karibu lenye vyoo vya kutosha, mpaka vya kwao vijengwe. Kwani hukufunua?"

Kufika adhuhuri, diwani alikuwa shuleni na sururu, anachimba choo.