Mwiko wa Ukoo wa Mvunjamifupa

— Ngano yangu iko mlangoni!
— Ipisheni iingie!
— Imekuja na njaa!
— Ipeni pa kukaa!

Basi hapo kale, kale hasa, palikuwa na mnyama aitwaye Mvunjamifupa. Alifanana na mbwa-mwitu. Msihangaike kumtafuta porini, hamtamwona.

Mvunjamifupa wa kwanza alikuwa mdogo kama paka. Alikula zambarau, alikula panya, akalala ameshiba. Alikula pamoja na binamu yake, Bweha.

Siku moja akaua paa. Kichwa kikamvimba! Akawaambia wanawe, "Kuanzia leo matunda ni mwiko wetu. Sisi si nyani."

"Ni mwiko, baba," wakaitikia. Wakakua, wakawa wakubwa kama mbuzi.

Mjukuu wake akaua pundamilia. Akasema, "Kuanzia leo panya ni mwiko wetu. Sisi si paka."

"Ni mwiko, baba." Wakawa wakubwa kama ndama. Chonge zikarefuka, magego yakapungua.

Kitukuu akaua nyati. Akasema, "Kuanzia leo chochote kinachobebeka mdomoni ni mwiko wetu. Sisi si Bweha!"

Na Bweha yupo pale pale, amealikwa karamuni! Akasema taratibu, "Binamu, mchagua nazi hupata koroma." Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma. Wewe huko nyuma, nawe unacheka? Haya, cheka.

Ukaja ukame. Nyati wakahama, pundamilia wakafa. Ukoo mzima ukateketea kwa njaa, akabaki mama mmoja na mwanawe, Kimeto. Mama alipoona mtoto hawezi kusimama, akasema, "Mwiko na uvunjike!" Akaenda kwa Bweha, akapiga magoti. "Binamu, niokolee mwanangu."

Bweha hakumcheka. Akampa zambarau. Kimeto hakuwa na magego ya kuzitafuna. Akazimeza nzima, tumbo likazikataa.

Bweha akamfundisha mama kuwinda panya. Lakini mwili ule! Panya walimpita katikati ya miguu. Tangu alfajiri hadi magharibi akapata mmoja, naye hakutosha hata kuziba pengo la jino.

Mara ya tatu Bweha akala mwenyewe, akamtapikia Kimeto mdomoni, kama alivyowalisha wanawe. Kimeto akalamba, akatikisa mkia. "Nipe tena, mjomba." Bweha akampa tena, na tena, mpaka wanawe mwenyewe wakaanza kulia.

Bweha akalia pia. "Dada yangu, nisamehe. Mtoto huyu ni mkubwa kuliko mimi. Simwezi."

Mama akambeba mwanawe, wakarudi kwao. Njiani Kimeto akauliza, "Mama, babu wa kwanza alikuwa anakula nini?"

"Kila kitu, mwanangu."

"Basi na sisi tule kila kitu."

Mama akamkumbatia, akazidi kwenda. Neno hilo bado lanichoma, na ngano hii nimeisimulia mara nyingi.

Kimeto hakufika nyumbani. Mama alimlaza chini, akamlamba siku nzima, akamwita kwa jina. Siku ya tatu Bweha alipopita, akawakuta wamelala wote wawili. Akawafukia kwa miguu yake, akaenda zake kutafuta panya.

Wanangu, msidharau chakula kilichowakuza. Mwiko hutungwa kwa neno moja, lakini kuna siku mtataka kuutengua na kinywa kitakuwa hakiwezi tena.

Hapo ngano yangu imelala. Iliyowafaa nendeni nayo, iliyobaki niachieni niililie.