Ufunguo wa Darini kwa Bi Tunu

Sogeeni. Anayetafuna amalize, maana mwishoni nitawauliza.

Pangani, katika nyumba kuukuu ya mawe, Bi Tunu aliishi na binti zake watatu. Mwanakombo, mkubwa wao, akigonga boriti alijua kama mchwa wameila kwa ndani. Kibibi alijua chokaa iliyoiva kwa kuigusa tu. Zaituni, kitinda mimba, alijua upepo utapita wapi.

Walilala chumba kimoja, wakinyang'anyana nafasi. Darini kulikuwa na popo na magunia. Siku moja mama yao alichoka.

"Atakayefanya darini pakalalika, ndiye atakayelala huko!"

Mwanakombo alipanda kwanza. Aligonga boriti zote, akaziona tatu zimeoza, akaweka mpya. Sakafu ikakanyagika.

Kibibi aliloweka chokaa majuma matatu. Akasiriba kuta, akaziba kila ufa. Popo wakahama.

Lakini joto lilikuwa la tanuri. Zaituni akatoboa dirisha upande wa mtoni. Upepo ukaingia, na alasiri hiyo kila mmoja akapanda na mkeka wake.

"Shukeni," alisema Mwanakombo. "Bila mimi mngedondoka mpaka jikoni."

"Na bila mimi, dada, ungelala na popo shungini!"

Zaituni akacheka kwa kejeli. "Mmesahau mlivyokuwa mkishuka mbio, mmelowa jasho kama mmetoka kuoga?"

Basi hasira zikapanda. Zaituni akapigilia dirisha misumari. Kibibi akachukua kisu, akaanza kubandua chokaa ukutani. Mwanakombo akashika shoka, akasimama juu ya boriti zake.

"Bandueni! Pigilieni! Nikizikata hizi, tuone hilo dirisha litaning'inia wapi!"

"Kata!" walifoka wadogo zake, nao wamesimama juu ya boriti zizo hizo.

Bi Tunu alipanda akitweta. Akampokonya Mwanakombo shoka, akawateremsha wote watatu, akafunga mlango. Sasa amekaa barazani, ufunguo umebanwa kiganjani. Mabinti wamempa migongo, na kila mmoja ameapa kwamba asipopewa yeye, hatasema na mama yake tena.

Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Ufunguo nao ni mmoja.

Je, wewe ungempa nani ufunguo? Na hao wawili waliobaki, ungewaambia nini?