Mlango wa Maji

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Tende hapa ni ule ugonjwa wa kuvimba mguu, na maana ya methali si ngumu: jambo ukilipuuza kwa sababu ni dogo, litakuja kukulaza kitandani. Ajabu ni kwamba methali hii tunawafundisha watoto, halafu sisi wenyewe tunajiona tumeshahitimu. Mativo alikuwa na miaka hamsini na miwili, kichwa kimejaa mvi, tena mjukuu wa kwanza alikuwa ameanza shule. Mwiba wake ulikuwa na upana wa jembe moja tu.

Mativo aliishi mtaa wa Jericho, mashariki mwa jiji, na kwa miaka ishirini alikuwa dereva wa trekta. Kazi yake ilikuwa kusawazisha viwanja vya mpira katika mitaa ya Eastlands. Wachezaji walisema mpira ukiwekwa katikati ya kiwanja cha Mativo hautikisiki, hata upepo uvume. Sifa hizo zilimwingia kichwani zikapata makao. Hata akialikwa chai kwa watu, alipita uani akiangalia wapi pana kilima na wapi pana shimo, akatikisa kichwa.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Maingi, fundi wa viatu vya akala, vile vya matairi, katika soko la Kariokor. Maingi alikaa Kaloleni na mkewe, Kanyiva. Mnamo mwaka wa 1977 marafiki hao walinunua mashamba mawili yaliyopakana nje ya jiji, upande wa Kangundo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. La Mativo lilikuwa juu, karibu na barabara kuu. La Maingi lilikuwa chini. Njia ya kuingilia ilikuwa moja: ilipita kwa Mativo, ikapiga kona penye mikonge, ikaishia kwa Maingi.

Hapo chini ndipo Maingi alipotaka kujenga, na haraka yake ilikuwa na sababu. Kanyiva alikuwa mgonjwa wa moyo. Alitembea hatua ishirini akasimama kutafuta pumzi. Daktari alimwita Maingi kando akamwambia, bila kuzungukazunguka, asipange mambo ya miaka mingi. Kanyiva mwenyewe alijua, ingawa hakuambiwa. Hakuomba makubwa. Alikuwa amepanga nyumba za watu tangu alipoolewa, na alitamani kulala chini ya paa lake mwenyewe, japo kwa muda mfupi.

Basi mwanzoni mwa mwaka wa 1979 wakaanza kufyatua matofali. Maingi alikanda udongo, akaujaza kwenye kalibu ya mbao, akayapanga matofali mabichi chini yakauke. Kanyiva hakuweza kubeba kitu, lakini hakukubali kukaa bure. Alikalia jiwe, akachovya kiganja ndani ya maji, akalainisha tofali moja moja kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kufikia mwezi wa Machi walikuwa na matofali elfu tatu, yamefunikwa nyasi, yakingoja kupangwa kwenye tanuri na kuchomwa.

Mativo naye alitaka kumsaidia rafiki yake. Alikuwa amenunua trekta dogo kuukuu kwenye mnada wa shamba la kahawa, lenye bamba la chuma nyuma la kukwangulia udongo. Kila Jumamosi alikwangua njia ile kutoka juu hadi chini ili lori la mawe ya msingi lipite vizuri. Na kweli njia ilipendeza. Lakini kila alipokwangua, udongo ulimwagikia kandokando, ukafanya matuta mawili marefu kama ya viazi vitamu, na njia yenyewe ikazidi kushuka. Mwisho ikawa chini ya usawa wa shamba kwa kina cha shubiri mbili. Mativo hakuliona hilo. Macho yake yaliona unyoofu tu.

Jumamosi moja kilinyesha kimvua kifupi cha kutuliza vumbi. Kanyiva, akiwa juu ya jiwe lake, aliona uzi wa maji ukitelemka katikati ya njia, ukapiga kona penye mikonge, ukaja kukauka hatua chache tu kutoka kwenye matofali. Aliinuka, akaupanda mteremko polepole, akisimama na kupumua, hadi alipomkuta Mativo akifuta trekta lake.

"Shemeji," alisema, "haya maji yakija mengi yatatokea wapi?"

"Maji gani? Hayo ni machozi ya panya."

"Mama yangu kila njia aliifanyia mlango wa maji. Hapa, juu kidogo ya mikonge, likate hili tuta kwa upana wa jembe. Maji yataingia kwenye nyasi yaende zake."

Mativo alicheka, si kwa ubaya. "Shemeji, mimi nimesawazisha viwanja tangu enzi za mkoloni. Umewahi kuniona nikitoboa kiwanja pembeni?"

"Kiwanja kimelala, shemeji. Hapa ni mteremko."

Maneno hayo yalikuwa na akili kuliko trekta na dereva wake pamoja, lakini yalisemwa na mwanamke mgonjwa mwenye matope mikononi, kwa hiyo yakapita hewani. Maingi alipowasikia alikuja na jembe begani, akaliinua ili akate. Mativo akamshika mkono.

"Ndugu yangu, usiniharibie. Jembe litakata vibaya, njia ionekane kama imeumwa na mbwa. Niachie mimi. Jumamosi ijayo nitakata hapo kwa trekta, pawe pazuri."

Maingi alimtazama mkewe, akamtazama rafiki yake. Alikuwa mtu wa haya, na trekta lile lilikuwa likimfanyia kazi bila malipo. Aliteremsha jembe. Kanyiva akarudi kwenye jiwe lake.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na fainali ya mitaa, na Mativo hangekubali kiwanja kiguswe na mtu mwingine. Jumamosi ya pili alikuwa na harusi ya mpwa wake. "Kazi ya dakika kumi haikimbii," alimwambia Maingi walipokutana Kariokor. "Jumamosi hii, Mungu akipenda."

Mvua haikungoja Jumamosi. Ilianza Jumatano adhuhuri, ikapiga mabati ya Jericho hadi watu wakashindwa kusikilizana. Mativo alikuwa mezani, kijiko mkononi. Alikumbuka uzi ule wa maji, akakiweka kijiko chini. Mkewe, Syombua, alimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi, akasukuma sahani.

Waliwasili shambani Alhamisi asubuhi, yeye na Maingi. Matuta mawili yale yalikuwa yamesimama imara, hayakubomoka hata kidogo, na katikati yake maji yote ya mteremko yalikuwa yamepata mfereji. Njia ya Mativo iliyosifiwa ilichimbika hivi kwamba mtu angeweza kuingia hadi kiunoni. Huko chini, nyasi za kufunikia zilikuwa zimetapakaa juu ya bwawa la matope mekundu. Hakukuwa na tofali hata moja. Yote elfu tatu yalikuwa yamerudi kuwa udongo.

Maingi alichuchumaa, akazamisha mkono kwenye matope, akautoa mtupu.

"Nisamehe," Mativo alisema.

"Si wewe. Ni mvua," Maingi alijibu, kwa ule upole wake. Afadhali angemtukana. Mativo aliutamani ugomvi siku ile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, lakini hakuupata.

Alichukua likizo. Kwa siku tatu alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: alifukia korongo, akaurudisha udongo katikati hadi njia ikawa na mgongo wa kumwaga maji pande zote mbili, akachimba mitaro kandokando na kufungua milango ya maji minne. Mmoja aliufungua juu kidogo ya mikonge. Uliochukua muda mrefu zaidi haukufika nusu saa.

Kisha alijifunga kibwebwe kufyatua matofali mapya kwa mikono yake. Lakini masika yalikuwa yameshika, na tofali bichi halikauki bila jua. Walifyatua, yakayeyuka, wakafyatua tena, yakapasuka. Jua la kweli lilirudi mwisho wa Juni. Siku kumi baadaye Kanyiva akafa, Kaloleni, ndani ya nyumba ya kupanga.

Matanga yalikaliwa pale pale Kaloleni, na majirani walichanga walichokuwa nacho. Siku ya mazishi walimpeleka shambani. Usiku uliotangulia mvua ya kushtukiza ilikuwa imenyesha huko, na dereva wa lori lililobeba jeneza alisimama juu, kwenye barabara kuu, akauliza kama gari litafika chini au watu wabebe. Mativo alishuka, akatangulia kwa miguu.

Lori lilimfuata polepole. Gurudumu halikuteleza hata mara moja. Penye mikonge Mativo alitazama kando, akaona maji yaliyobaki yakipita kwenye ule upana wa jembe, yakaingia kwenye nyasi, yakaenda zake. Alisimama hapo hadi Maingi, aliyekuwa nyuma ya lori, akamfikia.

Maingi aliitazama njia, akatazama lilipokuwa jiwe la mkewe. Aliweka mkono begani mwa rafiki yake.

"Njia imekuwa nzuri, ndugu yangu," alisema. "Amefika vizuri."

Aliyasema hayo kwa shukrani, na hilo ndilo ambalo Mativo hakuweza kulivumilia. Tangu siku ile, kila anapopita kwenye kona ya mikonge hutembea kama mtu mwenye mguu mzito, ingawa daktari akimpima hatapata ugonjwa wowote. Mwenyewe anajua kinachomlemea. Mdharau mwiba mguu huota tende.