Tonge la Babu

Mama zangu, na ninyi akina baba mliokaa kule nyuma, naomba leo niwapeleke jikoni kwa mtu. Tuingie taratibu, maana mwenye jiko hili anauguza.

Ni nyumba ya kule kwenye baridi, kwenye mashamba ya viazi na miti ya parachichi, ambako mtu anaondoka shambani na vidole havikunjiki. Humo alikaa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Alikaa na mwanawe, mkamwana wake na wajukuu. Mwanawe alikuwa mpasua mbao. Alishinda msituni juma zima, akarudi Jumamosi akinuka utomvu. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya mzee, mkamwana na watoto.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Hakuna mkono unaogusa chakula kabla ya mkubwa. Mkubwa akimega tonge, akalitowea, akalila, ndipo wengine wanafuata. Mtoto awe amelia njaa tangu mchana, atanawa, atakaa, atasubiri. Ni desturi nzuri. Inamfundisha mtoto kwamba tumbo lake siyo la kwanza duniani.

Sasa yule mzee akaumwa jino la mwisho kabisa, kule nyuma. Akalifanyia mzaha. Akaliwekea karafuu, akalisukutulia chumvi, akasema jino ni kama mgeni mkorofi, ukimnyamazia ataondoka mwenyewe. Halikuondoka. Shavu likaumuka kama andazi, usaha ukashuka mpaka kwenye mfupa wa taya. Hospitali wakampasua, wakaling'oa, wakaukwangua mfupa, wakamshona.

Siku ya kumruhusu, daktari alimwita mkamwana pembeni.

"Mama, huyu baba asitafune kitu. Umenielewa? Uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa, mtindi. Kiwe vuguvugu, kisiwe cha moto. Na usimpe mrija, ile kufyonza inafungua kidonda. Baadaye kidogo, viazi vya kuponda. Mpaka nikwambie mimi."

"Nimeelewa, daktari."

Na kweli alielewa. Mmewahi kumwona mtu anayepika kwa upendo? Hana kelele. Yule binti alikuwa na mtoto mdogo aliyemwachisha ziwa karibuni, basi mikono yake ilikuwa bado inakumbuka. Uji wa ulezi aliupitisha kwenye chujio la chai ili pasibaki hata pumba. Parachichi aliliponda na maziwa mpaka likawa laini kama mafuta ya kujipaka. Samaki alimchemsha, akamchuja, akabakiza mchuzi mtupu. Kila kikombe alikidondoshea tone nyuma ya kiganja chake, kama tunavyofanya kwa watoto wachanga, kuhakikisha hakiunguzi.

Halafu kulikuwa na hili jambo dogo, ambalo mimi ndilo linalonigusa. Mzee aliona haya. Midomo ilikuwa imekufa ganzi upande mmoja, uji ukawa unamtiririka kidevuni. Baba mkwe mbele ya mkamwana wake, mnajua wenyewe ilivyo. Mara ya kwanza alikirudisha kikombe, akasema ameshiba, na hakuwa amekunywa kitu. Binti hakubishana naye. Mara ya pili alimpa kikombe na kitambaa safi, kisha akageuka kuchochea makaa ya jiko la sebuleni. Moto ule haukuhitaji kuchochewa. Alichochea tu, akimpa mgongo, mpaka aliposikia kikombe kinawekwa chini. Kitupu. Toka siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yao, mmoja anakunywa, mwingine anachochea moto.

Ni mtu gani aliyemfundisha yule binti kwamba wakati mwingine kumheshimu mtu ni kutomtazama? Hakuna. Moyo tu.

Lakini ndugu zangu, kidonda hakikupona.

Asubuhi mto wa mzee ulikuwa na damu. Shavu, lililokuwa limeanza kunywea, likaumuka tena. Wifi mtu, yaani binti mkubwa wa mzee, akaja kutoka kwake kumjulia hali babaye. Akamwambia afungue mdomo, akamulika kwa simu. Kisha akatoka mpaka uani alikokuwa mkamwana anaanua nguo.

"Wifi, unampa nini baba?"

"Uji, wifi. Supu. Vitu laini kama alivyosema daktari."

"Nyuzi zinafumuka kwa uji?"

Wakampeleka hospitali wote wawili. Daktari akamtazama, akachukua kibano, akatoa kutoka katikati ya nyuzi kitu kidogo, akakiweka kwenye pamba. Kilikuwa kipande cha jani la mboga.

"Huyu anatafuna," daktari akasema. "Nyuzi mbili zimekatika. Mkiendelea hivi usaha utarudi kwenye mfupa, na safari hiyo sitakwangua, nitakata. Atabaki na nusu ya taya. Na kwa umri huu sijui kama ataamka mezani pangu."

Mkamwana aliinamia ile pamba. Jani la mboga? Yeye, anayechuja hata uji?

Kule nje wifi hakungoja wafike mbali. "Mimi nakuelewa, wifi. Una watoto, una shamba, kuponda na kuchuja kunachosha. Ungesema tu umechoka. Kuliko kumsukumia mgonjwa ugali."

"Sijampa ugali, wifi. Haki ya Mungu."

"Basi limeota lenyewe."

Mzee alikuwa katikati yao, kajifunga kitambaa shavuni. Akainua mkono. "Siyo yeye," akasema, kwa ule mdomo wa upande mmoja.

"Baba naye," akajibu binti yake, "hata angepewa mawe angekutetea. Ndivyo alivyo."

Mzee akainamisha kichwa. Na mkamwana akamshangaa. Kama siyo mimi, ni nani? Na kama unamjua, kwa nini hunitoi aibuni?

Wamama, mnaujua uchungu wa kufanya jambo kwa moyo wako wote halafu likageuka kuwa kosa lako? Yule binti alipofika nyumbani alianza kuosha chujio ambalo lilikuwa safi.

Wifi akasema, "Leo chakula cha baba nitapika mimi. Wewe pumzika." Sauti haikuwa ya mtu anayempumzisha mwenzake. Ilikuwa sauti ya mlinzi anayebadili zamu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku zote mambo yalikwenda hivi. Jioni mkamwana alisonga ugali, akaupeleka sebuleni na mboga, akawanawisha watoto, kisha akarudi jikoni upesi kuipasha supu ya mzee, maana aliiacha iwe ya mwisho isije ikapoa kwa ile baridi. Akirudi na kikombe, anawakuta watoto wanakula, mzee ametulia mahali pake. Basi anampa kikombe, anageukia makaa ya kwenye jiko la sebuleni, anachochea. Siku zote hizo hakuwahi kujiuliza swali moja dogo. Hawa watoto, wasiogusa chakula kabla ya mkubwa, nani amewaanzia?

Jioni ile hakuwa na supu ya kupasha. Jiko lilikuwa la wifi. Akapeleka ugali, na kwa kuwa hana kazi nyingine, akajikalisha mkekani nyuma ya watoto.

Watoto wamenawa. Wamekaa. Mikono iko magotini, macho yako kwenye sahani. Yule mdogo wa kike, anayeongea kuliko wote, alimeza mate mpaka yakasikika.

Mzee akautazama mlango wa jikoni. Hakumwona mkamwana wake pale kivulini. Akanyoosha mkono, akamega tonge dogo sana, kama la mtoto, akaligusisha kwenye mboga, akalitia mdomoni. Akafumba macho. Taya likaenda mara moja, likasimama. Likaenda tena. Chozi likateremka upande ule wa kidonda. Akameza kama mtu anayemeza kokoto.

"Haya," akasema, "wajukuu zangu. Kuleni."

Mikono yote ikaingia kwenye sahani kama kuku waliotupiwa mtama.

"Baba," mkamwana akaita polepole.

Mzee akashtuka, akaziba mdomo kwa kitambaa, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Baba, kwa nini?"

Mzee akashusha kitambaa. Kisha akasema, neno kwa neno, kwa maumivu, "Wana njaa, mwanangu. Na mimi ndiye wa kuanza."

"Si ungewaambia tu waanze?"

"Nimewaambia. Hawataki. Wamelelewa vizuri." Akajaribu kutabasamu, uso ukamkatalia. "Siku ya kwanza niligusa tu, nikarudisha mkono. Huyu hapa akaniambia, 'Babu, bado, hujatafuna.'"

Yule mdogo wa kike akaacha kula, shavu limejaa. "Si kweli hakutafuna?" akauliza.

"Na hospitali, baba? Mbona hukusema, ukaniacha na wifi?"

Mzee akapunguza sauti, watoto wasisikie. "Nilisema siyo wewe. Nikisema lililobaki, hawa watajua wamekula damu yangu. Watoto hawa, mwanangu, wangewezaje kula tena?"

Nyuma yao kikombe kikagonga mwimo wa mlango. Wifi alikuwa amesimama na supu mkononi. Alikuwa amesikia. Mtu mwenye maneno mengi akikosa neno moja, uso wake unakuwa mpya kabisa, unaonekana umri wake. Akakaa chini. Akakiinua kikombe ampe baba yake, kisha akasita, akadondosha tone nyuma ya kiganja chake. Halafu akamgeukia mkamwana, akamnyooshea kikombe.

"Jaribu na wewe, wifi. Mimi sijui kipimo."

Wapo wanaosema kuomba radhi lazima kuwe na maneno. Mimi nimeona mkono ule.

Mkamwana alikijaribu, akasema kiko sawa. Kisha akainuka, akaiondoa ile sahani ya ugali mbele ya watoto. Wote wakamtazama. Yule mdogo akauliza, "Mama, umetunyang'anya?"

"Hapana. Ugali utarudi."

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria la uji na vikombe vyote vya nyumba ile, vya bati, vya udongo, hadi kile kisicho na mkono. Akammiminia kila mmoja. Mtoto mkubwa, kijana mwenye meno ya kukata muwa, akapewa uji wa mgonjwa. Wifi akapewa uji wa mgonjwa. Mwenyewe akajimiminia.

"Kuanzia leo," akasema, "nyumba hii inaanza na uji. Baba, tuanzie."

Mzee akanywa funda moja. Halikumuuma. Na kila mtu akanywa, na kila mtu akatoka na masharubu ya uji, mpaka wifi, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe mzee akanywa uji wake huku watu wanamtazama, wala hakuona haya, maana hapakuwa na kidevu kikavu mle ndani. Baada ya uji, ugali ukarudi kwa wenye meno. Kidonda kikafunga. Taya lake liko kamili hata leo.

Sasa, ndugu zangu, niambieni, mwenye kosa alikuwa nani? Daktari? Mkamwana? Wifi, kwa ulimi wake?

Nadhani wengi mnasema, hapana, ni mzee mwenyewe, angesema. Ninyi mnaosema hivyo, mnayo afya. Mwenye afya siku zote anashangaa kwa nini mgonjwa hakusema.

Mimi nawaambia, ile iliyokata nyuzi ilikuwa heshima. Heshima yetu nzuri, tuliyofundishwa na mama zetu. Wale watoto hawakuwa wakorofi. Walikaa kimya, mikono magotini, wakimsubiri babu yao aumie ili wao wale.

Na sisi je? Hapa kwetu kila msiba tunamtazama mama yuleyule aingie wa kwanza jikoni, na hatuingii mpaka aingie, tunasema ni kumheshimu, yeye ndiye mkubwa wetu. Nani amemuuliza mgongo wake? Yupo aliyezika mtoto wake majuzi, na Jumapili iliyofuata tulimpisha mbele aanzishe wimbo, kwa kuwa siku zote ndiye anayeanzisha. Akaanzisha. Tukasema, ana imani kubwa huyu. Tukaimba kwa nguvu, tukashiba, tukaenda nyumbani. Yeye alikwenda nyumbani na nini mdomoni?

Wapo katikati yetu watu wanaotafuna kwenye kidonda ili sisi tule. Hawatasema. Wanatupenda mno kusema. Na tunawaletea nyama, jamani, tunawaombea nguvu za kutafuna. Nani katika sisi amekubali kunywa uji nao?

Msinijibu mimi. Wiki hii, kabla hujanyoosha mkono wako, mtazame usoni yule anayekuanzia. Ukiona chozi upande mmoja, usimpongeze kwa ushujaa. Inuka, uondoe sahani.