Vitambaa vya Makochi ya Jasmin

Sindano ilikatika Silvana akiwa katikati ya ua la tano la kitambaa cha tano. Haikutoa mlio mkubwa. Ilikuwa kama njiti ya kiberiti inapovunjwa. Uzi ulilegea kidoleni, kichwa cha sindano chenye kile kijindoano cha kuvutia uzi kikadondoka kwenye kanga aliyojifunika miguuni, naye akabaki ameshika kipande cha chuma kisicho na kazi. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayemtafuta mwenye kosa kati ya ndugu wawili.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa saba, wakati upepo wa Ufipa hupita chini ya mlango bila kubisha hodi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi, na hofu ya kuchelewa ilikuwa imemfanya aukaze uzi kuliko kawaida. Sindano ilikuwa ya siku nyingi, imekonda shingoni kwa kutumika. Ilivutwa, ikakataa, ikavutwa tena, ikakatika.

Kuna methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake ni kwamba kifaa kikiharibika kazi haijafa, maadamu fundi yu hai na ujuzi wake anao. Ni maneno mazuri, ila husemwa kwa wepesi na mtu ambaye koleo lake ni zima. Kwa aliyeshika vipande viwili kiganjani, maneno hayo huwa machungu kama shubiri, na hayo ndiyo yaliyompata Silvana asubuhi ile.

Silvana hakuwa mwenyeji wa Sumbawanga. Alizaliwa Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, akaja mtaa wa Kizwite miaka miwili iliyopita baada ya kuolewa na Leonidas, Mfipa aliyekuwa akivuka ziwa kufuata mafuta ya mawese. Siku hizi Leonidas alikuwa dereva wa lori la mahindi, na usiku aliolala njiani ulikuwa mwingi kuliko ule aliolala nyumbani. Kazi ya kufuma kwa kroshia Silvana aliirithi kwa mama yake, pamoja na ile sindano. Majirani walimwita Mama Kongo. Hawakumwita kwa ubaya, naye hakuchukia, lakini alijua kwamba mgeni ni kuku mweupe. Mwenyeji akikosea husemwa fulani kakosea. Mgeni akikosea husemwa Wakongo ndivyo walivyo.

Kwa miaka hiyo miwili alikuwa akifuma vitambaa vidogo vya kufunikia jagi na redio. Ndipo mwezi uliopita Bi Mwantum, mke wa mfanyabiashara wa mjini, alipomletea kazi ambayo haikuwahi kufika mikononi mwake. Binti yake, Jasmin, alikuwa anaolewa. Jumamosi baada ya adhuhuri vyombo vya bibi harusi vingepelekwa nyumbani kwa mume, mtaa wa Katandala, na wanawake wa upande wa mume wangeketi mkekani na kufungua kitu kimoja kimoja: masufuria, mashuka, mapazia na vitambaa vya makochi. Hapo ndipo sifa ya mama wa bibi harusi hupimwa, na sifa ya fundi pia. Bi Mwantum aliwafahamu wafumaji wengi wa mjini, akawaacha wote akamchagua Silvana. Vitambaa hivyo vikisifiwa, nyumba nyingi zingemtafuta Silvana. Visipopatikana, au vikachekwa mkekani pale, hakuna mlango wa Sumbawanga ambao ungefunguka tena kwa kazi yake.

Vilitakiwa vitano vya makochi na kimoja cha meza, rangi ya maziwa. Kila kimoja kilikuwa na safu nne za maua sita sita. Vinne vilikuwa tayari, vimepigwa pasi na kukunjwa. Ijumaa jioni ndiyo ilikuwa siku ya kuvikabidhi vyote.

Alijaribu kwanza kuvifunga vile vipande kwa uzi na nta ya mshumaa. Havikushikana. Akajitupia kanga begani, akatembea hadi mjini. Katika duka la Fahadi, lililokuwa na nyuzi za kila rangi, alionyeshwa sindano nene za plastiki za kufumia sufu na zile ndefu za masweta. Fahadi alimweleza kwa upole kwamba sindano nyembamba za chuma hutoka Mbeya, na kwamba akiziagiza leo zingeingia wiki ijayo. Silvana alizunguka maduka mengine manne. Kote jibu lilikuwa lile lile, isipokuwa duka moja ambako walimshauri atumie mashine.

Akiwa njiani kurudi, simu iliita. Alilitazama jina la Bi Mwantum likiwaka kwenye kioo mpaka simu ikakaribia kukatika. Alipopokea aliamkia, akaulizwa hali ya kazi, na kabla hajafikiri ulimi ukamponyoka.

"Vinaendelea vizuri, Bi Mwantum. Hakuna wasiwasi."

Sasa alikuwa na mizigo miwili: sindano iliyokatika, na uongo aliousema.

Katika njia panda ya kuingia Kizwite, Polikarp, fundi baiskeli, alikuwa ameinamia gurudumu akikaza spoku. Kila siku Silvana alimpita akamsalimu na kwenda zake. Siku hiyo macho yake yaliganda kwenye vile vyuma vyembamba vilivyonyooka. Akakumbuka kwamba kule Moba, wasichana waliokosa sindano walijifunzia kazi kwa spoku iliyosuguliwa. Yeye hakuwahi kuzitumia, kwa kuwa mama yake alikuwa na sindano ya dukani, na siku zile alikuwa akiwacheka. Alisimama.

"Shemeji," Polikarp alisema bila kuinua kichwa, "umenunua baiskeli hata ukweni hatujaarifiwa?"

"Nataka spoku moja tu, shemeji. Na tupa yako."

"Spoku bila gurudumu. Basi Leonidas ameoa mganga."

Silvana alifungua kiganja akamwonyesha vile vipande viwili. Polikarp aliacha kucheka. Alivichukua, akavipindua kwenye mwanga, akavipima kwa ukucha. Ukoo wake ulikuwa wa wahunzi, wale Wafipa wa zamani waliokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuwasha hata moja, mkono wake haukuwa na papara mbele ya chuma. Aliibana spoku, akaanza kuichonga. Kijindoano cha kwanza kilikuwa na ncha kali, kikauchana uzi. Cha pili kilikuwa kifupi, uzi ukateleza. Cha tatu alikichonga kwa muda mrefu, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama jino.

"Ila mwili wake ni mnene kidogo kuliko huu wa kwako," alimwambia. "Ungenipa saa mbili, ningeupunguza polepole."

Silvana alilitazama jua. Lilikuwa limekwisha kupita utosini, na yale maua yalikuwa yakimngoja kama watoto wenye njaa.

"Inatosha, shemeji. Nipe hivyo hivyo."

Mchana uliobaki ulimwishia katika kuizoea. Spoku ilikuwa nzito, ikimchosha kifundo cha mkono, na kila ua alilolianza alilifumua kwa kutoridhika nalo. Alhamisi asubuhi ndipo mkono ulipokubali. Jua lilipokuwa limeanza kuupasha moto ukuta, alikuwa amemaliza maua sita, mazuri, yamejaa, hayana kasoro. Akayatandaza juu ya safu ya chini ya kitambaa kilichokwisha, ili afurahie tu.

Hayakulingana. Safu mpya ilianza sawa na ile ya zamani, lakini ua la sita lote lilikuwa nje, likining'inia pembeni ya kitambaa. Aliyasogeza, akayavuta, akayapima kwa kidole. Unene wa spoku, ule alioambiwa akaupuuza, ulikuwa umeingia katika kila tundu la uzi. Kila ua lilikuwa kubwa kwa kiasi kidogo tu, lakini mara sita kiasi hicho kilikuwa ua zima.

Kurudi kwa Polikarp kuipunguza spoku, na kuizoea upya, kungekula nusu siku, na ikikonda huenda ingekatika kama ile ya kwanza. Kuyafuma upya yote kwa sindano hii kusingewezekana hata angekuwa na mikono minne. Na kitambaa kimoja chenye maua makubwa kati ya vinne vyenye maua madogo kingeonekana kama pengo mdomoni. Alikuwa bado anatazama alipomsikia mtu akipiga hodi uani. Aliitambua sauti kabla hajainua macho.

"Shikamoo, Bi Mwantum."

"Marahaba. Nimepita tu, mwanangu. Jana sauti yako haikunipendeza."

Bi Mwantum alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho yaliyozoea kukagua bidhaa. Silvana aliona kwamba angeweza kuvifunika vitambaa, akatengeneza chai, akasema uongo wa pili. Badala yake alimwekea mbele vile vipande vya sindano, na spoku, na maua. Akaeleza yote tangu Jumatano, bila kujitetea, sauti ikizidi kushuka mpaka mwisho ikawa kama ya mtu anayeungama.

Bi Mwantum alilichukua lile ua la sita lililokuwa likining'inia, akalisogeza karibu na macho, akalivuta kila upande kupima uimara wake. Silvana hakuthubutu kumtazama usoni. Aliinamisha macho mkekani, na hapo ndipo alipoona. Yale maua matano yaliyobaki juu ya kitambaa yalianza na safu ya zamani na kuishia nayo, ncha kwa ncha, kama yamekatwa kwa rula.

"Matano," alisema polepole. "Makubwa matano yanakaa mahali pa madogo sita."

"Kwa hiyo?"

Silvana alisogea mbele. Alieleza kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Angeikata safu ya chini ya kila kitambaa kilichokwisha, ile inayoning'inia mbele ya kochi, akashonea mahali pake safu ya maua matano makubwa. Maua madogo yatakayotoka hapo yangetosha kukijenga kitambaa cha tano, nacho kikapewa pindo hilo la makubwa kama wenzake. Cha meza kingekuwa cha maua makubwa matupu. Alihesabu mara mbili. Maua ya kufuma yangebaki karibu idadi ile ile.

"Lakini itabidi ukate vinne vilivyokwisha," Bi Mwantum alisema.

"Ndiyo."

"Na wakwe wa Jasmin wakiuliza kwa nini chini ni makubwa? Wale wana macho ya kuku, hawakosi punje."

"Kikiwa kimoja ni kosa, Bi Mwantum. Vikiwa vyote vitano ni mtindo."

Mwanamke yule alicheka kidogo, puani, kisha uso ukarudi kuwa mzito.

"Jana uliniambia hakuna wasiwasi."

"Niliogopa."

"Mimi pia naogopa. Tangu Jumatatu sijala nikashiba. Ungeniambia, tungeogopa wawili." Akaliweka ua chini. "Lete mkasi."

Silvana aliuleta. Akakikunjua kitambaa cha kwanza, kile alichokuwa amekipenda kuliko vyote, akaingiza ncha ya mkasi kwenye uzi wa kiungo. Kukata kazi iliyokwisha, na muda umebaki siku moja na nusu, ni sawa na kumwaga maji ya kisima kiangazi. Alifumba macho, akayafumbua, akakata. Safu ikaachia tundu baada ya tundu, wala kitambaa hakikuporomoka kama alivyohofu.

Bi Mwantum hakuondoka. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua kitambaa cha pili, akaanza kutoa nyuzi za kiungo kwa pini aliyoichomoa kwenye mtandio wake. Waliongea machache. Alipita jirani, Emerensiana, kuomba moto, akashangaa kumwona mke wa tajiri akifumua nyuzi kwenye mkeka wa Mama Kongo, akaondoka na moto wake na habari ya kutosha mtaa mzima. Silvana alijua maneno yataenea, hofu ikamrudia. Lakini safari hii hofu haikushuka mikononi. Uzi uliteleza bila kukazwa.

Jua lilipoegemea vilima, vitambaa vyote vinne vilikuwa vimekatwa, viwili vikiwa vimeshapata pindo jipya. Yalikuwa yamefumwa maua makubwa kumi na saba. Yalibaki ishirini na manane, kitambaa kizima cha kuunganisha, na pasi. Bi Mwantum alisimama taratibu, akajinyoosha mgongo, akatafuta viatu vyake ili awahi swala ya magharibi.

"Niambie kweli, Silvana. Utamaliza?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Sijui, Bi Mwantum. Nikianza kesho alfajiri, na mkono usiponiuma, jioni nitakuwa kwenye kiungo cha mwisho. Nikikwama, nitakupigia mapema."

"Haya. Nitakuja saa nne na pini yangu."

Alipokwenda, Silvana alianza ua la kumi na nane. Alifika nusu, mwanga ukamtoroka, naye hakutaka kuyachosha macho aliyoyahitaji kesho. Aliichomeka spoku katikati ya ua ili uzi usifumuke, akavikunja vitambaa juu yake, akaufunga mlango upepo usiingie. Kesho ilikuwa bado na maua mengi na saa chache. Lakini kazi iliyokuwa imekufa Jumatano asubuhi ilikuwa hai juu ya mkeka, imeng'ang'ania chuma cha baiskeli, ikimngoja fundi wake: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.