Doti ya Zena Ilikuwa ya Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aizime. Leo nawapa kesi iliyonishinda. Nimeitembeza vibaraza vingi vya Morogoro. Kila mtu hunipa hukumu yake haraka haraka, kisha tukikutana tena ananivuta pembeni kuniambia ameibadilisha.

Katika mtaa wa Relini walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Saumu alikuwa na mdomo. Angeweza kuingia nyumba yenye ugomvi akatoka amefungashiwa mayai. Mwalimu Desideri alikuwa na sikio. Mtoto akigonga meza kwa kidole tu, yeye ameshajua kama huyu ni mpiga ngoma au ni msumbufu. Bi Fidea Mkude alikuwa na subira, na alikuwa na ua mpana nyuma ya nyumba yake. Basi waliunganisha walichonacho, wakaanzisha kikundi cha sanaa cha vijana wa mtaa. Ngoma, maigizo na uchoraji, kila jioni baada ya shule, bure.

Kikundi kilikuwa na mila yake. Kijana akihitimu, siku ya onyesho kubwa, anatoa doti ya kanga na kumfunga mtu mmoja tu, yule ambaye moyoni mwake anaona ndiye aliyemfikisha pale. Doti nzima, haitenganishwi. Wanawake walifungwa kiunoni. Mwalimu Desideri alifungwa begani, akarudi nayo kwake vivyo hivyo, akipita barabara kubwa makusudi ili aonekane, na mkewe akimpokea mlangoni: "Leo umeolewa na nani tena?"

Wote watatu walishawahi kufungwa, na wote waliitamani siku hiyo kupita kiasi. Ikafika mahali wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Huyu anampelekea mhitimu maandazi, yule anamsifia mpaka inatia aibu. Watu wazima hao! Ndipo wakajiwekea sheria. Wiki ya mwisho kabla ya onyesho, mlezi yeyote asimsogelee mhitimu wala asikanyage kwao. Na mhitimu naye asimtajie mtu yeyote atakayemfunga, hata mama yake. Walidhani wamemaliza fitina.

Sasa mjueni Zena, binti wa fundi seremala.

Baba yake alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatapiga ngoma mbele za watu. Saumu alikwenda kumwomba, akafukuzwa. Akarudi kutengenezesha kigoda ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Akarudi tena kulalamika kwamba mguu wa kigoda unacheza. Akawa anakaa kwenye maranda ya karakana akizungumza habari nyingine kabisa, za bei ya mbao na harusi za watu, mpaka mzee mwenyewe akauliza, "Hivi huko kwenu wanafundishwa nini hasa?" Bila Saumu, Zena asingetoka nje ya kwao.

Alipofika uani, kumbe hakujua kuimba wala kucheza. Akisukumwa mbele, anaganda na machozi yanamlengalenga. Wenzake wakambandika jina la Kisiki. Jioni moja Mwalimu Desideri akamsikia pembeni anamenya karanga, anazidondosha kwenye sinia kwa mapigo yasiyokosea. Akamshika mkono akampeleka kwenye ngoma kubwa, ambayo hakuna msichana aliyewahi kuipiga katika kikundi kile, akasimama naye mpaka viganja vikaota sugu. Bila Desideri, Zena angebaki mtazamaji.

Kisha baba yake akaanguka kutoka kwenye paa la watu akavunjika nyonga. Nyumba ikawa nzito. Zena akaacha kupiga. Alikuja akakaa tu. Saumu akamsemesha, asijibu. Mwalimu akamwekea ngoma mbele, asiiguse. Bi Fidea hakumwuliza kitu. Alimtandikia mkeka kando ya jiko, akamwekea kikombe cha uji, akaendelea kuchambua mchele wake. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, muda mrefu, watu wakisema yule mtoto basi tena. Halafu siku moja Zena akainuka mwenyewe, akajipangusa mikono, akaifuata ngoma. Bila Bi Fidea, asingerudi.

Wewe uliyenyoosha mkono, ushushe. Bado.

Mwaka wake wa kuhitimu ukafika. Wiki ile ya kimya, Zena alikwenda sokoni akanunua doti, akaiweka chini ya mto. Kesho yake homa ikamshika. Mama yake alidhani ni uchovu wa mazoezi, akampa dawa za dukani. Habari zikazagaa mtaani kwamba Zena anaumwa, zikawafikia walezi wake.

Bi Fidea alipika uji. Alipoufunika na kuushika mkononi akawaza, nikienda wenzangu watasema nimefuata kanga. Akampa mpangaji wake akaunywa. Mwalimu Desideri alitoka kwake, akafika kona ya nyumba ya kina Zena, akawaza hayo hayo, akageuza. Saumu ndiye aliyefika karibu zaidi. Aliingia nyumba ya jirani, akakaa akiongea huku sikio liko ukutani, akamsikia Zena anakohoa upande wa pili. Ukuta mmoja tu. Akamwambia jirani, "Mpe pole, mwambie tutaonana siku ya onyesho." Akaondoka.

Walipomkimbiza hospitali, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Zena alizikwa siku ambayo angepiga ngoma.

Tangu hapo Saumu hakuwa Saumu. Mdomo ule ambao mtaa mzima uliuogopa ukawa hauna cha kusema hata kwa muuza mboga. Akilala anasikia kikohozi. Alijiambia kwamba kama doti ile ilikuwa yake, basi mtoto alikufa akimpenda, na kama mtoto alikufa akimpenda, labda yeye Saumu anaweza kuendelea kuishi. Aliitaka doti ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na alijua wenzake wanaitaka vivyo hivyo, kwa sababu ile ile.

Arobaini ilipokwisha somwa, vitu vya marehemu vikagawiwa. Magauni yakachukuliwa na binamu zake, viatu vikaenda kwa mtoto wa shangazi. Ndipo mama yake Zena akawaita wale watatu ndani, akatoa doti kwenye mfuko wa plastiki, mpya, bado inanukia duka.

"Hii haina mwenyewe," alisema. "Baba yake anasema tuiuze tutoe sadaka. Nimekataa. Mwanangu amelala na amana ya mtu, nami sitaki aendelee kulala nayo. Alikuwa amekusudia kumpa mtu mmoja. Ni nani?"

Mwalimu Desideri alikohoa kidogo. "Maneno yaliyoandikwa, mama, hayasemi kitu?"

"Nimeyasoma. Yanamtakia mtu heri, basi. Yanamfaa yeyote kati yenu."

"Na yeye, kule kwenye homa, hakutaja jina?"

"Hakutaja. Alikuwa akiuliza tu, 'Hajaja mtu?' Nikamwambia, 'Watakuja.' Nikamwuliza na mimi, 'Unamtaka nani nikamwite?' Akatikisa kichwa. Si mlimfundisha asitaje?"

Bi Fidea akalia kwa sauti. Mwalimu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, mzee mzima.

Saumu alimtazama yule mama. Alijua aseme nini. Angeanzia kwenye kigoda, aingie kwenye maranda, amkumbushe jinsi Zena alivyokuwa akimkimbilia njiani, na kabla chai haijapoa doti ingekuwa kiunoni mwake. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Akayaogopa. Kitu ulichokipata kwa ulimi, utajuaje kama ni chako kweli?

"Mama Zena," alisema, "mimi nilifika kwa jirani yako. Nilimsikia anakohoa. Sikuingia."

"Mimi niliishia pale kona," Mwalimu alisema, bado ameelekea ukutani.

"Uji wake niliupika," alisema Bi Fidea. "Nikampa mtu mwingine."

Mama yake Zena aliipapasa doti mapajani. Kisha akasema, "Sikuwaita mniombe msamaha. Msamaha ni jambo jingine, na leo sina. Nauliza mwenye amana." Akanyoosha mikono yote miwili, na doti juu yake.

Hakuna aliyesogea, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuondoka.

Haya, wenzangu, mama wa watu amenyoosha mikono na inachoka. Aliyemtoa nyumbani, aliyemwonyesha alichonacho, na aliyemngoja aliposimama njiani, yupi ndiye aliyemfikisha? Msiniambie wagawane, maana vipande ni viwili na watu ni watatu, na kwa mila yao doti haitenganishwi. Msiniambie izikwe, maana hiyo ni kukimbia swali. Mmoja wao ndiye ambaye Zena alikuwa akimngojea aje.

Je, wewe ungeamua vipi? Mtaje mmoja kwa jina. Na ukishamtaja, usiondoke kwanza. Wageukie wale wawili waliobaki, uwatazame usoni, uwaambie wewe mwenyewe kwamba hawakuwa wao.