Saa ya Mita Thelathini

Leo asubuhi mmemsikia Bi Zabibu akimjibu mchuuzi aliyekuwa akimsifia ndoo kwa maandishi ya ubavuni: "Maji hayasomi, mwanangu." Mkacheka, kisha mkauliza maji na kusoma wapi na wapi. Haya, sogeeni. Msemo huo haukuletwa na mtu kutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Kasumbe, kwenye nyumba ya pampu, na chanzo chake kilikuwa hiki.

Maji ya mji huu hutoka ziwani. Bomba kubwa limelazwa chini, mita kumi na mbili kwenda kilindini, na mdomoni pana chujio la chuma. Kila mwezi chujio huota ukoko na majani, na lazima mtu azame na mtungi wa hewa mgongoni akalisugue. Pampu huzimwa nusu saa. Ikiwashwa mtu akiwa bado mdomoni pa bomba, humvuta na kumbana kwenye chuma, na hapo hakuna wa kumbandua.

Miaka hiyo mzamiaji alikuwa Mwamini, binti wa Mzee Ruhwanya. Mzee mwenyewe alizama miaka ishirini, masikio yakaharibika, akapewa kazi ya kulinda nyumba ya pampu na kutunza funguo zake. Mkewe alikuwa amefariki kwenye zahanati isiyo na dawa, wiki ile ile wakubwa walipokuja kukata utepe wa jengo jipya la zahanati hiyo hiyo. Tangu hapo hakumwamini mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Mwamini ndiye pekee aliyebaki naye.

Zamani mzamiaji alifungwa kamba kiunoni, na mwenzake akaishika juu. Wakati ukikaribia kwisha, kamba hutikiswa mara tatu. Akaja meneja mpya, Bwana Lusewa, akasema kamba ni ushamba. Mshika kamba akaondolewa kazini, na Mwamini akanunuliwa saa ya mkono. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na usoni pake pameandikwa mita thelathini.

Mzee Ruhwanya hakuipenda. Jumapili akamchukua binti yake hadi kwa Amri, fundi saa wa sokoni. Amri aliifungua mfuniko, akaikagua kwa kioo chake cha jicho, akaguna.

"Mzee wangu, hii ni ya kunawia mikono na kunyeshewa mvua."

"Imeandikwa thelathini," Mwamini akasema.

"Thelathini ya kiwandani, mama. Kule huibana kwa nguvu ya maji ya mita thelathini ikiwa mpya, imetulia tuli, kwa dakika chache tu. Haisugui chuma, haigongwi, wala vimpira vyake vya ndani havijachakaa. Ya hamsini unaogelea nayo. Ya mia unaogelea mpaka uchoke. Mtu anayezama na mtungi atafute ya mia mbili, iliyoandikwa kuwa ni ya wazamiaji, na ambayo kifundo chake cha kurekebishia majira kinafungwa kwa kuzungushwa kama kizibo cha chupa."

Jumatatu Mzee akaingia ofisini, kofia mkononi, akaeleza yote hayo. Bwana Lusewa akamsikiliza huku akitabasamu.

"Mzee wangu, uliishia darasa la ngapi?"

"La tatu."

"La tatu linatosha. Thelathini na kumi na mbili, ipi kubwa?"

"Thelathini."

"Sasa hofu ya nini? Mpaka hapo ana akiba ya mita kumi na nane!"

Makarani wakacheka. Mzee akavaa kofia yake, akatoka.

Usiku ule alimsihi Mwamini asizame. "Kazi ni kazi, baba," binti akajibu. "Nikikataa, watamweka mtu asiyejua hata kuogelea."

Kesho yake, saa nne kamili, pampu ikazimwa na Mwamini akazama. Bwana Lusewa alikuja mwenyewe kushuhudia maendeleo yake. Mzee Ruhwanya akasimama kwenye dirisha la nyumba ya pampu, macho ziwani, pale mapovu ya binti yake yalipokuwa yakipasuka juu ya chujio. Saa nne na nusu ikafika. Mapovu yalikuwa pale pale.

"Sendwe, washa," meneja akamwambia mwendesha pampu.

Sendwe akageukia sanduku la swichi. Limefungwa. Ufunguo haupo.

"Mzee, ufunguo?"

"Ninao."

"Lete! Mji mzima mabomba makavu!"

"Mwanangu yuko chini. Tazama mapovu."

"Ana saa, na wakati wake umekwisha. Hayo mapovu labda ni ya samaki."

"Samaki gani huyo, bosi, anayevuta pumzi kama mtu?" Sendwe akauliza, na mkono akauondoa kwenye sanduku.

"Nitakufukuza kazi, Ruhwanya!"

"Nifukuze. Barua niandikie hata sasa hivi. Ufunguo nitakupa nikimwona."

Wakasimama hivyo, meneja akipiga kelele, ufunguo umemkata mzee kiganja kwa jinsi alivyoubana. Dakika kumi zikapita. Zikapita kumi na tano. Ndipo mapovu yakaanza kusogea kuja ufukoni, na kichwa cha Mwamini kikatokeza. Wote wakatoka mbio kumlaki ufukoni. Mwamini akavua kinyago, akahema.

"Baba, mbona leo nusu saa ndefu hivi? Nimesugua mpaka nimemaliza, na bado nina dakika kumi na mbili!"

Akanyoosha mkono. Ndani ya kioo maji yalikuwa yakicheza, na mishale imelala saa nne na dakika kumi na nane. Kule chini, kwenye tope alilolitibua mwenyewe, aliitazama mara mbili tu, akajisifu kwamba leo ana mkono mwepesi.

Bwana Lusewa aliishika ile saa, akaigeuza, akaigeuza tena. "Lakini imeandikwa," akasema kwa sauti ndogo. "Imeandikwa mita thelathini."

Mzee Ruhwanya akamtupia Sendwe ufunguo. "Aliyesoma ni wewe, bwana. Maji hayasomi."

Kisha akamshika binti yake mkono, wakaenda kula dagaa na ugali. Sendwe husema siku hiyo ndiyo alimsikia mzee yule akicheka kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe.

Kabla ya jua kuchwa sentensi ile ilikuwa imefika sokoni, na mpaka leo haijatoka. Mwamini alinunuliwa saa ya mia mbili, Amri akaikagua kabla haijaguswa na maji, na mshika kamba akarudishwa kazini. Mzee hakufukuzwa. Bwana Lusewa naye akaandika kwenye taarifa ya mwaka, kurasa nne nzima, kwamba ni yeye aliyegundua hatari ile na kuiondoa. Na aandike. Maji hayasomi.